Kalenda ya magaidi

Januari 15, 2019, magaidi wa al-Shabaab walivamia hoteli ya DusitD2, Nairobi, wakaua watu 21. Tarehe kama hiyo mwaka 2016, kundi hilohilo lilikuwa limevamia kambi ya wanajeshi wa Kenya huko El Adde, Somalia. Nazo balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam zililipuliwa Agosti 7, 1998, miaka minane kamili tangu Rais Bush (baba) aamuru majeshi ya Marekani kwenda Saudi Arabia.

Huenda ni sadfa, sisi hatuamini. Kama magaidi huchagua siku za kumbukumbu, basi tarehe hizi zisiishie kwenye majalada ya wakubwa. Zimfikie hata mlinzi wa getini anayekagua buti za magari, ukaguzi ambao, tuseme kweli, siku nyingi ni kuchungulia tu na kupunga mkono.

Hata hivyo, kujua mapema si kujiandaa. Kabla ya Chuo Kikuu cha Garissa kushambuliwa alfajiri ya Aprili 2, 2015, tahadhari zilikwishatolewa. Watu 148 waliuawa, na kikosi maalumu kutoka Nairobi kilichukua saa nyingi kufika. Serikali ituambie: leo kingechukua saa ngapi kufika Garissa, au Mandera?