Homa ya usiku na tanuri la nyuma ya nyumba

Mtoto akiamka usiku anatetemeka, ana homa na viungo vinamuuma, mzazi wa Mzinga au kwingineko Morogoro hufikiria malaria kwanza. Ni sawa, na kipimo kifanyike. Lakini kama kijana wako amejitengenezea tanuri la umeme la kuyeyushia vyuma, ongeza swali moja: leo umeyeyusha nini?

Tanuri lenyewe halihitaji vitu vingi: tofali zinazostahimili moto, waya wa koili kama ule wa jiko la umeme, na chungu cha kuyeyushia. Alumini huyeyuka kwenye nyuzijoto 660, hivyo wengi huanza na makopo ya soda na sufuria chakavu.

Shida huanza anapohamia kwenye koki za zamani za shaba ya manjano, au mabomba yaliyopakwa zinki. Zinki huchemka kwenye nyuzijoto 907 na kutoa moshi mweupe. Anayeuvuta anaweza asihisi chochote wakati ule. Saa 4 hadi 10 baadaye huja homa, baridi, kikohozi na ladha ya chuma mdomoni. Mara nyingi huisha ndani ya siku moja au mbili. Akibanwa kifua au kupumua kwa shida, awahishwe hospitali, na daktari aambiwe kuhusu tanuri. Kipimo cha malaria hakitamwambia hilo.

Betri za gari zisiguswe kabisa. Madini ya risasi yaliyomo huyeyuka kwenye nyuzijoto 327 tu, na vumbi lake hubaki kwenye nguo na kwenye udongo wanakochezea wadogo zake. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Huathiri ubongo wa mtoto kimyakimya, bila homa ya kumshtua mama. Kwa sababu hiyo pia, chakavu kisichojulikana kilitoka wapi kisitengenezewe sufuria ya kupikia.

Kumkataza kijana mwenye hamu ya ufundi kunaweza kumfanya ajifiche. Ni afadhali kukubaliana naye masharti:

- Kazi ifanyike nje, mtu mzima akiwepo, wadogo wakiwa mbali.
- Umeme uzimwe kabla ya kuingiza koleo, maana koili iko wazi. Waya zikaguliwe na fundi umeme.
- Avae miwani na viatu vya ngozi, si kandambili.
- Kopo na kalibu viwe vikavu kabisa. Tone la maji likikutana na chuma kilichoyeyuka hugeuka mvuke ghafla na kukirusha usoni. Mvua ikinyesha, kazi isimame.

Akiungua, mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha mpeleke kituo cha afya. Usipake dawa ya meno, yai wala mafuta.

Akitaka kwenda mbali zaidi, muulizie nafasi kwa fundi mzoefu au chuo cha ufundi kama VETA Kihonda.