Mwacheni Bibi Kizee, Tuleteeni Zimwi

Vijana wenzangu mnaoshika kalamu, hebu tuambizane ukweli. Katika hadithi zetu za watoto kijana shujaa tunaye, upanga tunao, na pori la kutisha tunalo. Kasoro iko kwa adui. Fungua daftari la mwenzako utamkuta: bibi kizee, macho mekundu, kibanda chake pembeni mwa kijiji. Mwisho kijana anamchoma moto, watoto wanapiga makofi, hadithi kwisha.

Haijakwisha, bwana. Huku kwetu Tabora, na kwa jirani zetu Shinyanga na Mwanza, hadithi hiyo imeendelezwa usiku kwa mapanga. Kwa miaka mingi vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe jikoni. Watu wenye ualbino nao wamekatwa viungo, hadi serikali ikapiga marufuku wapiga ramli Januari 2015. Halafu wewe, ukiyajua yote hayo, unamwandikia mtoto wa darasa la nne kwamba zimwi linakaa nyumba ya tatu?

Najua wapo watakaodakia: si tulisema? Hadithi za mazimwi ni ushirikina, zifutwe, watoto wasome faida za kunawa mikono! Hapana, waheshimiwa. Mtoto asiyepewa zimwi la kwenye hadithi atakuja kutafutiwa zimwi na mpiga ramli. Kunawa mikono ni jambo jema, lakini hofu haitoki kwa sabuni.

Tena hadithi za zamani zilikuwa na akili kuliko zetu. Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita hapa Tabora na kwenda Ujiji, na tawi jingine likapanda kaskazini. Chukua hadithi moja ya kila upande.

Pwani iko ya Sultani Majnuni, ambayo Edward Steere aliichapisha mwaka 1870 pamoja na hadithi nyingine alizozipata Zanzibar. Zimwi humo ni nunda, naye alianza kama paka wa sultani mwenyewe. Alikula mifugo, akafika kwa watu. Raia wakishtaki, sultani anamkingia kifua kwa kuwa paka ni wake! Mwishowe mwanawe mdogo akaingia porini kumsaka. Kila akirudi na mnyama aliyemwua, mama yake anatazama, kisha anamwambia huyo siye. Kijana anarudi tena, na tena, mpaka anampata nunda mwenyewe. Mnaona? Kuua alijua tangu siku ya kwanza. Kumtambua adui ndiko kulikomchukua muda. Waliovunja milango ya vikongwe panga walikuwa nalo. Mtu wa kuwaambia huyo siye ndiye aliyekosekana.

Huko kaskazini Wasukuma, ambao lugha yao na Kinyamwezi ni ndugu, wanaye Masala Kulangwa. Zimwi Shing'weng'we limemeza watu wote, kasalia mama mmoja mjamzito aliyejificha kwenye makapi. Mtoto akazaliwa, akakua, akaliua zimwi na kulipasua tumbo, watu wakatoka wazima. Lakini bahati mbaya kisu kikamkata sikio kikongwe mmoja. Bibi akawaka hasira, akataka kumroga. Hapa ndipo wengi wetu tungewasha kiberiti! Masala Kulangwa alitafuta dawa, akamtibu sikio lake.

Mwenzangu mmoja atasema mbona hata Wazungu wanao. Ni kweli, katika Hansel na Gretel ya ndugu Grimm, ya mwaka 1812, bibi mchawi anasukumwa kwenye tanuri. Soma, ufurahi. Ila ukiileta hadithi hiyo hapa, kumbuka kwamba unaileta mahali ambapo nyumba za mabibi zimezingirwa kweli.

Kwani mazimwi yameisha? Nenda Kwihara, kwenye tembe alilokaa Livingstone, uitazame njia ile ya misafara. Ilimeza watu kweli, wakipelekwa pwani na minyororo shingoni, na wengi hawakutoka tumboni. Lipe zimwi hilo vichwa saba na mkia wa chuma. Andika njaa inayotembea kwa miguu minne. Andika paka wa mkubwa anayekula mifugo ya kijiji huku kila mtu akiogopa kusema. Tisheni watoto mpaka wajifunike shuka, ruksa!

Ila kabla hujampa shujaa wako upanga, mpe na mtu wa kumwambia huyo siye. Na bibi mwenye macho mekundu mrudishe pale motoni alipokuwa amekaa. Si yeye aliyekuwa anatusimulia?