Picha ikivuja leo, siku 90 ni nyingi mno

Tuseme ni Ijumaa usiku. Mtu mliyeachana kwa ubaya ameanika picha zako za faragha Telegram, na kufikia Jumamosi asubuhi zishaingia kwenye grupu la WhatsApp la darasa lenu. Unaanzia wapi?

Wengi mtasema polisi, na si makosa. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018, kifungu cha 37, inasema anayesambaza picha za faragha za mwenzake anaweza kutozwa faini ya hadi Sh200,000, kufungwa hadi miaka miwili, au yote mawili. Na haimlengi aliyeanza pekee. Wewe uliyefowadi “ili tu mabeshte waone” umo pia.

Lakini kumwadhibu mtu ni jambo moja, kuitoa picha mtandaoni ni jingine. Kesi itatajwa, itaahirishwa, itatajwa tena. Picha nayo haingoji hakimu.

Kuna mlango wa pili ambao vijana wengi hawaubishi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kutaka data yako inayotumiwa kinyume cha sheria ifutwe, na sura yako ni data yako. Septemba 2023, Afisi ya Kamishna wa Data iliitoza klabu ya Casa Vera Lounge ya Nairobi Sh1.85 milioni kwa kuposti picha ya mteja bila idhini yake. Shule ya Roma nayo ikapigwa Sh4.55 milioni kwa picha za watoto ambazo wazazi hawakuziidhinisha. Kwa hivyo, ukijiona kwenye tangazo la klabu uliyoenda kujivinjari tu, unaweza kulalamika, hata kwa mdomo.

Shida ni muda. Sheria inampa Kamishna siku 90 kumaliza malalamishi. Kwa klabu yenye jina na mlango unaojulikana, sawa. Kwa akaunti bandia inayokuanika usiku, siku 90 ni kama milele. Kufikia hapo mama ameona, mwajiri ameona, na wewe umeacha kwenda darasani.

Marekani ilipitisha sheria ya Take It Down Mei 2025. Mwathiriwa akiripoti picha ya faragha, hata iliyotengenezwa kwa akili mnemba, kampuni ya mtandao inatakiwa kuiondoa ndani ya saa 48. Mzigo uko kwa kampuni, si kwa anayelia. Kenya inahitaji kitu kama hicho, na tunawaomba wabunge wasikizungushe.

Ila tuwe macho. Oktoba 2025 Rais William Ruto alitia saini marekebisho ya sheria yetu ya 2018, na mojawapo linaipa kamati ya serikali uwezo wa kuagiza tovuti zifungwe. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha sehemu nyingine ya marekebisho hayo, kuhusu unyanyasaji mtandaoni. Aliyekuwa X na TikTok Juni 2024 hahitaji kuelezwa kwa nini vijana walishtuka. Kitufe cha kufuta picha ya uchi kikiachwa mikononi mwa wakubwa, kesho kitafuta video ya barabara iliyoliwa pesa. Saa 48 ziwe za picha za faragha na za watoto, basi. Maneno ya siasa yaende kwa jaji, na anayeripoti uongo ili kumnyamazisha mwenzake naye aadhibiwe.

Kabla Bunge halijaamka, kuna StopNCII.org kwa waliotimiza miaka 18. Picha yenyewe haitoki kwenye simu yako. Inatengenezewa alama ya kidijitali, nazo kampuni shiriki kama Facebook, Instagram na TikTok huitumia kuitambua na kuizuia. Aliye chini ya umri huo ana huduma ya NCMEC, nayo pia inaitwa Take It Down. Hazifiki kila mahali, lakini ni za bure.

Na usikimbilie kufuta chati kwa aibu. Piga skrinishoti, nakili linki, andika tarehe na jina la akaunti, kisha uende kituoni na mtu unayemwamini. Usitoke bila nambari ya OB.