Taa ya Akwariumu Izimwe Kwanza

Wandugu wanafunzi, na ninyi walimu wetu,

Tangu juma mbili kila mtu anayepita mbele ya labo anasimama dirishani. Akwariumu yetu mpya, lile sanduku la vioo, inang'aa usiku kucha, na ndani hamna hata samaki mmoja. Wadogo wa mwaka wa kwanza wanauliza: samaki wako wapi? Mimi ninauliza lingine: taa ile inamulikia nani?

Wengine wanasema maji yakikaa gizani yataoza. Sivyo. Kazi inayofanyika mule sasa haiombi mwangaza. Tulitia ndakala mbili zioze ili zitoe amonia, sumu ileile ambayo samaki wenyewe wanaitoa kila siku. Bakteria wanakuja kuigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha bakteria wengine wanageuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ukali wake ni kidogo. Tangu mwaka 1890 Mrusi Winogradsky alionyesha kwamba bakteria wa namna hii wanapata nguvu katika amonia yenyewe, si katika mwangaza kama majani. Tena mwangaza mkali unawachelewesha. Wanachotaka ni hewa ndani ya maji, joto kidogo, na sisi kuvumilia majuma manne ao sita.

Basi taa inafanya nini? Inalisha uchafu wa kijani. Angalieni kioo cha upande wa ukuta, kimekwisha kuanza kuteleza. Na ubaya unaozidi huo: taa na pompi ya hewa vinakula betri moja, ile inayojazwa na jua. Saa kumi za usiku pompi inanyamaza, betri imekwisha. Bakteria wanakosa hewa sababu ya taa ambayo hawakuiomba!

Wako wanaotaka wageni waone uzuri siku ya wazazi. Ninawaelewa. Lakini mwaka jana samaki tisa waliingizwa siku ileile maji yalipojazwa, na juma halikwisha tukawa tunawazika nyuma ya jiko. Wazazi waliona maji matupu. Na sisi tunachota maji katika ziwa Tanganyika, ambayo pH yake inakaribia 9. Katika maji kama hayo amonia inaua mbio zaidi.

Kama tungekuwa na mimea ndani, ningesema tofauti, maana mimea inahitaji taa saa sita ao nane kwa siku. Hatuna hata jani moja.

Ninaomba Bwana Prefe na mwalimu wa biolojia: taa ikae imezimwa mpaka matone ya kupima yaonyeshe amonia sifuri na nitriti sifuri. Pompi, yenyewe, isilale. Mwenye ufunguo wa labo anaweza kuanza leo jioni.

Mkubwa wa wanafunzi, mwaka wa sita