SENSA TATU ZIMENUNULIWA, TAA BADO INAWAKA: YA NNE TUNAIKATAA

Ndugu Wanachama,

Tangu mwezi wa pili pikapu ya ushirika imekwenda gereji ya mjini mara tatu kwa ugonjwa huo huo mmoja. Taa ya injini inawaka kwenye dashibodi, na petroli inakwisha kama imemwagwa. Mara tatu fundi kachomeka mashine yake ya kusomea, akasema sensa ya oksijeni imekufa, akafunga mpya, akachukua hela ya alizeti yetu. Mara tatu taa imewaka tena kabla wiki haijaisha. Sasa imeletwa karatasi ya bei ya sensa ya nne, eti mkutano wa Alhamisi uipitishe. Sisi tunasema hapana.

Sensa hii siyo uchawi. Ni kitu kama plagi kilichofungwa kwenye bomba la moshi, na kazi yake ni kunusa oksijeni iliyobaki kwenye moshi. Ikibaki nyingi, petroli iliyoingia ilikuwa haba. Ikibaki kidogo, petroli ilizidi. Hutoa umeme mdogo sana, karibu volti 0.1 petroli ikiwa haba na karibu volti 0.9 ikizidi. Kontroo boksi husoma umeme huo, ikaongeza au kupunguza mafuta ili kila kilo 1 ya petroli ipate kilo 14.7 za hewa. Magari ya Volvo yalianza kuwekwa kifaa hiki mwaka 1976, mwaka ule ule vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa hapa Tanzania. Fundi wa leo hawezi kutwambia kuwa ni kitu kigeni.

Basi sensa ni shahidi tu. Na mashine ya fundi haikusema shahidi amekufa! Dereva wetu aliandika namba iliyotokea: P0171. Maana yake ni kwamba kontroo boksi inaona petroli haba. Haisemi nunueni sensa.

Sasa tazameni jambo hili. Dereva alipofungua plagi zote nne, zilikuwa nyeusi tititi kwa masizi makavu. Hiyo ni alama ya petroli iliyozidi. Kompyuta inalia njaa, na plagi zimevimbiwa. Mpira wa hewa uliopasuka nao huweza kuleta P0171, lakini hapo petroli huwa haba kweli na plagi haziwi nyeusi hivyo. Kwa hiyo kuna hewa inayomdanganya shahidi, na inaingia kwenye bomba kabla ya kufika kwake.

Wapi? Anayelala karibu na ghala anajua. Asubuhi injini ikiwa baridi kuna sauti, tak-tak-tak, chini ya boneti. Injini ikipata moto sauti inafifia, maana chuma kimetanuka kikabana. Na pale manifodi inapoungana na bomba pana alama ya masizi. Moshi hutoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo hewa ya nje hunyonywa ndani kupitia ufa. Sensa inanusa hewa hiyo, kontroo boksi inaongeza petroli bure. Funga sensa ya dhahabu, itasema yale yale.

Hatutaki kuaminiwa kwa maneno. Tunataka kupima. Asubuhi, injini ikiwa baridi, mmoja abane bomba la nyuma kidogo kwa tambara, mwingine apake maji ya sabuni kwenye maungio. Povu likitoka, ni gasketi, na bei yake haifiki hata robo ya sensa moja. Lisipotoka, basi mita ya umeme iwekwe kwenye waya za sensa, fyuzi ya kupashia sensa moto itazamwe, na waya wa ethi ukwanguliwe kutu. Kazi ya asubuhi moja.

Wako ndugu wanaosema ng'oeni hiyo taa, yaishe. Yaishe nini? Petroli itaendelea kumwagika, ila tutakuwa hatuoni. Wengine wanasema gari ni zee, liuzwe. Liuzwe kwa nani? Yule bwana aliyekuja mara mbili kulitazama, akitaja bei ya chuma chakavu, atabadilisha gasketi kesho yake, na msimu ujao atatubebea alizeti yetu kwa nauli anayoitaka yeye.

Halafu kuna swali ambalo gereji haijalijibu. Sensa mbili za kwanza tulizonunua zilitolewa zikiwa na wiki chache tu. Ziko wapi? Ni mali ya ushirika, risiti zipo kwa mweka hazina. Katibu aende nazo mjini Jumatano, azidai, na Alhamisi atwambie alijibiwa nini kabla karatasi ya bei haijasomwa.