Jiko la Mpakani

Wanaotafuta dawa ya umaskini duniani hutazama viwanda vikubwa. Leo tutazame jiko la mama lishe wa Tunduma.

Malori yaendayo Zambia na Kongo hupita hapo, na dereva hana budi kula. Katika sahani moja ya ugali na maharage mna jasho la mkulima wa Mbozi, faida ya muuza mkaa, na ujira wa binti aoshaye vyombo. Fedha ya mgeni huingia nyumba kadhaa kabla ya jua kutua. Nawe baba, ukichota mauzo ya jioni ukayapeleka kilabuni, unakunywa unga wa kesho.

Shida kubwa ni mtaji. Tangu mwaka 2018 sheria huzitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu, wakopeshwe bila riba. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. Lakini mwanamke huipata kupitia kikundi kilichosajiliwa. Basi akina mama, jirani yenu mwenye sufuria mbili, asiyejua kuandika katiba ya kikundi, mmekwisha kumwita?