Mwacheni Bibi Harusi Alale



Leo tumekuja na lawama, na tunaanza kujilaumu wenyewe. Juzijuzi bibi harusi alisimama mbele ya kioo dukani kwetu, saa tano na nusu za usiku, tunambana kiuno cha shela. Mara akayumba. Alikuwa amelala amesimama! Pini ikamchoma ubavuni, akazinduka, na shangazi zake wakaangua kicheko: "Raha ya harusi hiyo!"

Tulipomkalisha na kumpa maji, akatwambia ana wiki tatu hapati zaidi ya masaa matatu kwa usiku. Akijilaza anahesabu madeni ya ukumbi. Mchana anajikaza kwa vinywaji vya kuongeza nguvu, usiku anameza vidonge vya mafua alivyopewa na shoga yake ili vimlaze. Shela lile tulishalipunguza mara mbili ndani ya mwezi mmoja, na kila tulipolipunguza tulimsifu kuwa amekuwa mwembamba.

Sisi hatukucheka, maana sisi ndio tuliomwambia aje saa ile.

Basi tuseme waziwazi. Hapa visiwani kwetu bibi harusi ananyimwa usingizi, na wanaomnyima ni watu wanaompenda. Fundi anamwita usiku kwa sababu mchana ana kazi nyingi. Mchoraji wa hina na piko anafika baada ya Isha na kuondoka saa saba. Mashoga wanamtumia picha za mapambo mpaka usiku wa manane na wananuna asipojibu. Tunamsinga singo, tunamfukiza udi, halafu macho mekundu tunayafunika kwa wanja na poda, tunapiga vigelegele na kusema amependeza.

Kisha anakuja somo na lile fundisho lake: mke mwema hulala wa mwisho na kuamka wa kwanza. Hatuwavunjii heshima masomo wetu, wametufunza mengi mema. Lakini hili tunalipinga. Huyo mke akipika, akifua, akilea, akitoka kwenda kazini, atalala lini? Tumelifanya kukesha kuwa kipimo cha uhodari, na mwanamke anayesinzia mchana tukamwita mvivu bila kumuuliza usiku amelala vipi.

Dini yetu haikutufunza hivyo. Mtume (s.a.w.) aliona kamba imefungwa baina ya nguzo mbili msikitini, akaambiwa ni ya Bi Zaynab (r.a.), akichoka katika sala huishika. Akaamuru ifunguliwe, mtu asali akiwa na nguvu zake, na akichoka akae. Sasa jee, kama kamba ya ibada ilifunguliwa, sisi tunamfunga mwali kamba ya shanga na picha kwa hoja gani? Tena tumesoma kuwa Mtume alikuwa hapendi mazungumzo baada ya Isha. Wanavyuoni wametoa nafasi kwa haja na kwa mgeni, sawa, lakini kubishana rangi ya sare saa sita usiku siku thelathini mfululizo si haja.

Wengine watasema, harusi ni siku moja, atalala fungate. Tatizo ni kuwa usingizi ukishavurugika haurudi kwa siku moja, na mengine si uchovu wa harusi, ni maradhi yenye majina. Tuyajue.

La kwanza ni kukosa usingizi. Likimjia mtu usiku mmoja mmoja si neno. Likimjia usiku tatu au zaidi kwa wiki, kwa muda wa miezi mitatu, hilo limekuwa sugu na linataka daktari. Tiba ya kwanza ya ugonjwa huu ni kufundishwa upya mazoea ya kulala na namna ya kukabili wasiwasi, vidonge vinakuja baadaye na kwa uangalizi. Vidonge vya mafua si dawa ya usingizi. Vinakulewesha na asubuhi unaamka kichwa kizito. Na msiishie hapo. Muulizeni binti nini kinamkesha. Huenda ni madeni, huenda ni hofu ya ndoa yenyewe, na hakuna aliyemuuliza kwa sababu wote tuko mbioni kutafuta maua.

La pili ni jinamizi. Unafumbua macho, mwili haunyanyuki, kifua kizito, unahisi kuna mtu chumbani. Wakubwa wetu hawajasahau mwaka 1995, hofu ya popobawa ilipotanda Pemba na Unguja, watu wakalala nje kwa makundi. Tunaamini majini wapo, na Ayatul Kursiy kabla ya kulala tunaisoma na tutaendelea kuisoma. Lakini tujue pia kuwa mtu akiwa ndotoni mwili hulegezwa ili asiicheze ndoto yake, na mara nyingine akili huamka kabla mwili haujafunguka. Hupita kwa dakika chache. Humrudia zaidi mtu asiyelala vya kutosha, anayelala saa tofauti kila siku, au anayelala chali. Binti wa namna hii kabla hajapelekwa kwa mganga, apewe nafasi ya kulala.

La tatu ni miguu kuwashwawashwa na kutaka kuchezachezeshwa kila ukijilaza. Hili huwapata sana wajawazito na wenye upungufu wa madini ya chuma. Kapime damu. Na ile chai ya rangi tunayoshushia chakula, isogezeni mbali na mlo, maana inauzuia mwili kuyapata madini hayo.

La nne, mabibi harusi, mtalikuta chumbani: mume anayekoroma. Tunaambiwa huo ni usingizi mnono. Lakini akikoroma kwa nguvu kisha pumzi ikakatika, akashtuka kama anayekabwa, na asubuhi anaamka na maumivu ya kichwa na mchana anasinzia hata kwenye usukani, huyo ni mgonjwa. Mpeleke hospitali, kwa sababu ugonjwa huo unakwenda pamoja na presha. Na sisi wanawake pia tunao, tunaona haya tu kusema tunakoroma.

Sasa hesabu. Mtu mzima anahitaji masaa saba au zaidi. Kwetu hapa, karibu na ikweta, nyakati hazihami sana mwaka mzima. Isha inaadhiniwa kabla ya saa mbili, na Alfajiri inaingia kati ya saa kumi na nusu na saa kumi na moja na nusu. Baina yake yapo masaa tisa! Mwenye kulala saa tatu na nusu, saa kumi na nusu ameshapata saba zake na anaamka kusali bila kuvutwa. Muda tumepewa, sisi ndio tunaoumwaga.

Kwa hiyo, bibi harusi wetu, anza mwezi mmoja kabla. Chai na kahawa mwisho Alasiri. Simu ilale sebuleni. Oga, tia udhu, fungua dirisha au washa feni, shusha chandarua, zima taa. Usingizi usipokuja kwa muda, usigaagae kitandani. Ondoka, kaa kimya na dhikri zako, rudi ukihisi usingizi. Amka saa ile ile kila siku. Adhuhuri ukipata nafasi, jinyooshe kidogo, dakika ishirini zinatosha.

Na sisi tunaokuhudumia tumeshaanza. Dukani kwetu jaribio la mwisho la shela ni kabla ya Magharibi, shela linatoka siku saba kabla ya ndoa, na cherehani zinazimwa saa tatu. Hata mabinti zetu wa kazi walikuwa wakijishona vidole kwa usingizi. Mteja mmoja alikasirika, akabeba kitambaa chake akaenda kwa fundi anayekesha. Imetuuma, kwani kodi ya duka haisubiri. Lakini hatumrudishi mwali mwengine mbele ya kioo saa tano za usiku.

Enyi wachoraji wa hina, wapambaji, wapiga picha na mashangazi, tunawaomba nanyi mtaje saa yenu ya mwisho, na muitaje mbele ya wateja.

Allah awape mabibi harusi wetu ndoa zenye utulivu na usiku wenye mapumziko. Aamin.